Mkono wa kwanza kwenye droo ni wa mwenye duka

Sisi wauzaji wa rejareja wa Dar es Salaam tuna neno letu kwa pesa inayokosekana jioni wakati wa kufunga hesabu: shoti. Mauzo yalitakiwa kuwa laki na ishirini, droo ina laki na tano, basi pana shoti ya elfu kumi na tano. Shoti ikitokea, macho yote humgeukia kijana anayeuza. Nina duka la vyakula Mbagala, na siku hizi nawasaidia wenye maduka wenzangu kuweka hesabu zao sawa. Karibu kila ninakoingia, maongezi huanza na tabia za kijana. Mimi huomba tuanze na mwenye duka, na dhana potofu ninazozisikia kwake mara kwa mara. Hizi hapa, moja baada ya nyingine.

"Daftari ni la kumbana muuzaji"

Huu ndio mzizi wa dhana nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua duka dogo la mtaani, lile tunaloliita duka la Mangi hata kama mwenyewe si Mchaga. Tuseme linauza 120,000 kwa siku. Kwa sukari, unga, mchele na mafuta ya kula, faida ni nyembamba. Tukadirie shilingi 12 katika kila mia. Faida ya siku ni 14,400. Asubuhi mwenye duka anachukua 2,000 ya chai na vitumbua, 1,000 ya nauli ya mtoto, 3,000 ya luku, yaani umeme wa nyumbani. Jioni mtoto anatumwa kuchukua unga na mafuta ya kupima, vitu vya 5,000. Jumla 11,000, na hakuna aliyeiba. Zimebaki 3,400. Kodi ya fremu, yaani chumba cha duka, ni 150,000 kwa mwezi, sawa na 5,000 kwa siku. Kila jua likizama, duka hili limekula 1,600 ya mtaji wake. Kwa miezi sita ni 288,000. Hapo mshahara wa kijana sijautaja kabisa.

Mwenye duka haoni hasara hiyo, kwa sababu droo haikauki. Kila siku wateja wanaingia na noti zinaingia. Anachokuja kuona ni rafu: palipokuwa na katoni tatu za sabuni pamebaki moja, na pesa ya kwenda Kariakoo kufunga mzigo haitoshi. Ndipo anasema kijana ananiibia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya. Mwaka wangu wa pili dukani nilimsimamisha kijana wangu kazi kwa shoti ambazo sikuweza kuzieleza. Miezi miwili baadaye nilikuwa nauza mwenyewe, peke yangu, na shoti zilikuwa pale pale. Nilianza kuandika kila shilingi niliyotoa kwenye droo kwa mkono wangu, na wiki ile ya kwanza peke yake ilinionyesha pesa ilikokuwa ikienda. Nilimfuata kwao nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini kazini hakurudi, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Ukweli ni kwamba daftari ni la kuonyesha pesa imekwenda wapi, na mtu wa kwanza kuandikwa humo ni mwenye mali. Mwaka 2014 Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walichapisha utafiti wao juu ya wafanyabiashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika, wateja wa taasisi ya mikopo iitwayo ADOPEM. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida, jingine likapewa kanuni chache nyepesi. Mojawapo ilikuwa hii: pesa ya biashara iwe na droo yake, ya nyumbani iwe na yake, na ukihamisha kutoka moja kwenda nyingine, acha karatasi ya deni. Waliofundishwa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa kanuni nyepesi ndio walioboresha uwekaji wa hesabu zao, na hata mauzo ya wiki zao mbaya yakapanda.

Dukani kwangu kanuni hiyo nimeifanya hivi. Lipa namba, ile wateja wanayolipia kwa simu, ni ya duka, na laini yangu ya simu ni ya nyumbani; hazichanganyiki. Najilipa kiasi maalumu kwa siku. Na katika daftari kuna mteja anayeitwa Nyumbani. Nyumbani akichukua kilo ya unga, anaandikiwa kwa bei ya rafuni kama jirani yeyote.

"Biashara yangu naijua kichwani"

Kichwa kinakumbuka mteja aliyenunua vitu vya elfu thelathini. Hakimkumbuki aliyeondoka kwa sababu hukuwa na chenji.

Kuna utafiti wa hapa jirani unaonigusa kila ninapoukumbuka. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walifuatilia biashara ndogo za magharibi mwa Kenya, wakapima mauzo yanayopotea kwa kukosa chenji tu: mwenye biashara ameshindwa kurudisha baki, au ameacha duka akakimbia kwa jirani kuvunja noti. Hasara ilifika kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote. Kinachonishangaza zaidi ni dawa yake. Wenye biashara walipoulizwa kila wiki habari za chenji, wengi walianza kuitunza, kwa kuulizwa tu. Walikuwa watu wenye akili zao na uzoefu wao. Jambo lenyewe lilikuwa limejificha mbele ya macho.

Ndiyo maana katika daftari nashauri pawe na safu ya "tulichokosa". Mteja akiulizia tambi hakuna, andika. Noti ya elfu kumi ikirudi kwa kukosa baki, andika. Baada ya mwezi safu hiyo inakuambia uende Kariakoo kununua nini, kuliko kumsikiliza muuzaji wa jumla anayetaka kumaliza mzigo wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno la kushika hapo ni *habari*. Mali inaweza kupotea hata ikiandikwa, lakini utajua.

"Ukiandika, TRA watakubana"

Hofu hii ya TRA, Mamlaka ya Mapato, naielewa, na imewafanya watu wazima wachome risiti zao. Lakini angalia sheria ilivyo. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipopanga viwango vya kodi ya makadirio, ile wanayotozwa wafanyabiashara wadogo kwa kuangalia mauzo yao, mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka asiyeweka kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Aliyeweka alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Mauzo yale yale, na daftari limemwokolea 70,000. Viwango vimeguswa tena tangu hapo, hivyo uliza ofisini vya mwaka huu. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Asiyekuwa na karatasi hukadiriwa na afisa kwa macho, na hana cha kumjibu.

"Ndugu hawaandikiani"

Hapa ndipo maduka mengi ya familia yanapovunjikia, na familia nazo huvunjika pamoja nayo.

Mtoto wa dada analetwa kutoka kijijini kuja kuuza. Mshahara hautajwi: "utakula hapa, utalala hapa, mengine tutaona." Mwaka unapita na hayo mengine hayajaonekana. Kijana ana simu ya kuweka vocha, ana mama anayeumwa kijijini. Anachukua elfu moja, kesho elfu mbili, na moyoni anajihesabia kuwa ni haki yake. Mjomba akigundua anaita ni wizi. Mimi nasema mjomba ndiye aliyeanza, siku alipoona aibu kutaja kiwango. Uwajibikaji unaomdai kijana hesabu ya kila jioni lakini haumwandikii tarehe ya mshahara ni dhuluma, hata ukipakwa rangi ya undugu.

Wanaosema kuandikiana ni kukosa imani, na tunaishi pwani ambako neno la dini lina uzito, nawakumbusha Sura ya Al-Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na inazungumzia kuandika deni. Inawaambia walioamini waandike wanapokopeshana kwa muda maalumu, wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Imeelekezwa kwa watu wanaoaminiana tayari. Kuandika kunalinda imani yao, kwa maana kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa hiyo siku ya kwanza kaeni, taja mshahara, tarehe ya kulipa, siku ya kupumzika, na nini kitafanyika shoti ikitokea. Andikeni nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Kisha shika tarehe uliyoandika. Mwajiri anayechelewesha mshahara siku kumi hana sauti ya kumfokea aliyechelewa kazini dakika kumi.

"Mpango ni karatasi ya kuombea mkopo"

Mpango wa duka unaweza kuwa mstari mmoja. Wenye fremu wa mjini wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kwa fremu ya 150,000 hiyo ni 900,000. Asiyepanga hushtuka wiki ya mwisho, na huko ndiko mikopo ya kausha damu inakomsubiri, yenye marejesho yanayoanza kabla hata hujapanga bidhaa. Aliyepanga anatenga 5,000 kila jioni kabla ya kugusa kitu kingine, na siku ya 180 kodi iko tayari. Leseni ifanyie vivyo hivyo.

Mpango wa pili ni kalenda. Januari wazazi wana ada na sare, mifuko imekauka. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara. Ramadhani sukari, tambi, ngano na tende zinakimbia. Hapa wengi hukosea kwa kufuata tarehe ya mwaka jana, kumbe Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Anayesubiri tarehe ile ile atafunga mzigo wakati wenzake wameshauza, tena bei ya jumla ikiwa imepanda.

"Kufungua alfajiri na kufunga usiku wa manane ndiyo bidii"

Saa nyingi si lazima ziwe kazi nyingi. Kama unatumia robo saa kutafuta mizani au kamba chini ya magunia, umekaa dukani, hujauza. Japani wana utaratibu wa hatua tano, seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke, na Watanzania waliupeleka hospitalini wakaupa Kiswahili kinachostahili kusifiwa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Duka la futi kumi kwa kumi linauhitaji vilevile. Sasambua: ondoa maboksi matupu na bidhaa zilizokwisha muda. Seti: kinachouzwa mara nyingi kiwe karibu na mkono. Ngumu ni shikilia, na haiji kwa matamko ya Jumatatu. Huja kwa kuliunganisha jambo jipya na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukosa.

Mimi nimeunganisha hesabu na kufunga mlango. Saa tatu usiku mlango unarudishwa nusu, tunahesabu droo, tunalinganisha na lipa namba, tunatenga 5,000 ya pango kwenye kopo lake. Ni dakika kumi, kumi na tano siku ya Jumamosi. Kijana anayeuza sasa ndiye anayesoma kwa sauti, mimi najumlisha, na tunaanza na ukurasa wa Nyumbani. Jana Nyumbani alikuwa na 6,500: nauli, mkate na dawa ya kikohozi. Alinisomea hayo bila kunionea haya, tukaenda ukurasa unaofuata.