Fleury-devant-Douaumont: wakazi sifuri, komuni kamili

Ile hadithi ya kijiji kisicho na watu imezunguka tena. Safari hii ni picha ya kibao cha barabarani katikati ya msitu, na chini yake maelezo kwamba hiki ni kijiji cha Ufaransa ambacho watu wake wote waliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba mpaka leo kina meya anayejichagua mwenyewe. Nimetumiwa na wanafunzi, nimetumiwa na jamaa, na nimetumiwa hata na watu wa fani yangu hii ya mipaka na hesabu za watu, ambao wao hawana kisingizio. Basi nayaandika yote mahali pamoja.

Komuni yenyewe (komuni ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa Ufaransa) ni Fleury-devant-Douaumont, mkoa wa Meuse, kilomita chache kaskazini-mashariki ya mji wa Verdun. Kabla ya vita ilikuwa na watu zaidi ya 400, wengi wao wakulima. Ilikaa juu ya mgongo wa ardhi kati ya ngome ya Douaumont na ngome ya Souville, na msiba wake wote ulitokana na hapo ilipokaa.

Tuanze na kosa linaloniudhi kuliko yote. Watu wa Fleury hawakuuawa kijijini mwao. Mizinga ya Wajerumani ilipoanza kunguruma tarehe 21 Februari 1916, wakazi waliamriwa kuondoka, wakaondoka. Wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Waliokufa pale ni askari, na walikufa kwa maelfu, lakini wenye kijiji walikuwa hai, wana majina, wana hati za mashamba, na vita vilipokwisha walitaka kurudi. Ukisema wote waliuawa unawafuta watu waliokuwa hai, tena unafuta swali gumu kuliko yote katika habari hii: kwa nini hawakurudi?

Nadhani uongo huu umetoka Oradour-sur-Glane, upande mwingine kabisa wa Ufaransa, katika vita vingine. Kule, tarehe 10 Juni 1944, askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, waliwaua watu 643, wanawake na watoto wakiwemo, na magofu yakaachwa yasimame kama ushahidi. Oradour mpya ilijengwa kando yake na ina wakazi hadi leo. Fleury hakuna magofu ya kusimama. Kilichouawa Fleury ni ardhi.

Na iliuawa hasa. Usiku wa kuamkia 23 Juni 1916 Wajerumani walimimina makombora ya gesi ya sumu, wakakitwaa kijiji asubuhi yake. Wafaransa walikirudisha mnamo 18 Agosti, wasikipoteze tena. Katikati hapo utasoma kila mahali kwamba Fleury ilibadili mikono mara 16. Hesabu hiyo siiamini sana, japo vitabu huitaja bila kusita. Kufikia Julai hapakuwa na ukuta uliosimama. Makamanda walikuwa wakiripoti kutwaa au kupoteza vifusi, mashimo na pishi moja moja. Ni kipi hasa kilikuwa kikitwaliwa, na nani alijua ameshakitwaa? Namba 16 inatuambia ukali wa mapigano. Kama kipimo, mimi nisingeisimamia.

Baada ya vita serikali iliigawa nchi iliyoharibika kwa viwango, na sehemu mbaya kabisa zikaitwa ukanda mwekundu. Udongo ulikuwa umejaa makombora ambayo hayajalipuka, kemikali na mabaki ya watu. Sheria ya 17 Aprili 1919 iliwapa waathirika haki ya fidia, serikali ikachukua ardhi, ikapanda misonobari. Wenye Fleury wakaanza maisha mahali pengine. Hawakurudi kwa sababu hawakuruhusiwa kujenga.

Sasa hili la meya. Wasomaji wa Lubumbashi na Bujumbura wanaijua komuni, lakini wa Dar es Salaam na Nairobi wengi wanaisoma kama kijiji, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kijiji cha Tanzania kisheria kinashikwa na watu wake: mamlaka ya juu ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote watu wazima. Ondoa watu, umeondoa mamlaka yenyewe. Komuni ya Ufaransa haikujengwa hivyo. Tangu sheria ya 14 Desemba 1789, iliyozikuta parokia na miji ya zamani ikazipa umbo moja, komuni ni eneo lenye mipaka, jina na nafsi yake ya kisheria. Inamiliki mali, inashtaki, inashtakiwa, inatunza daftari za vizazi, ndoa na vifo. Idadi ya wakazi ni sifa yake mojawapo tu. Ziko karibu 35,000, zaidi ya nusu zina watu chini ya 500, na nyingi ni vitongoji vitatu vinne vilivyotawanyika ambavyo hakuna mtu angeviita kijiji kimoja. Idara ya takwimu ya Ufaransa huchapisha idadi ya watu wa kila komuni, na kwenye mstari wa Fleury huandika 0. Hiyo sifuri ni takwimu halali. Mstari wenyewe haufutwi.

Hebu fikiria mwaka 1919. Kanisa, shule na ofisi ya meya zimesagika. Komuni ikifutwa, nani atadai fidia ya mali ya umma? Nani atatunza daftari za waliozaliwa pale? Sheria ya 18 Oktoba 1919 ilijibu: kila komuni ya namna hii isimamiwe na tume ya watu watatu wanaoteuliwa na prefekti wa Meuse, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, na mwenyekiti wake awe na madaraka ya meya. Kwa hiyo hajichagui, wala hachaguliwi. Anateuliwa. Mara nyingi ni mtu ambaye wazee wake walitoka hapohapo. Kazi yake ni ya kweli: njia, kanisa dogo lililojengwa baada ya vita, vibao vinavyoonyesha palipokuwa pa mwokaji mikate na pa mhunzi, na ibada ya kila mwaka inayowakusanya wajukuu na vitukuu.

Harakaharaka: vijiji vilivyoharibiwa na kuhesabiwa kuwa vilikufa kwa ajili ya Ufaransa ni tisa, ila komuni zisizo na mkazi ni sita. Nyingine tano ni Beaumont-en-Verdunois, Bezonvaux, Cumières-le-Mort-Homme, Haumont-près-Samogneux na Louvemont-Côte-du-Poivre. Ornes, Vaux na Douaumont zilipata wakazi tena, wachache, na tangu 1 Januari 2019 mbili za mwisho ni komuni moja, Douaumont-Vaux.

Na kwa wanaoniuliza habari hii inatuhusu nini: kikosi kilichoikomboa Fleury ile Agosti kilikuwa rejimenti ya Kifaransa ya askari wa miguu wa kikoloni iliyoitwa ya Moroko, na kikosi hichohicho kilipoitwaa tena ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba 1916 kilikuwa na batalioni ya Wasenegali na kombania mbili za Wasomali. Batalioni ya Wasomali iliundwa mwaka huohuo Majunga, Madagaska, kwa vijana walioandikishwa Jibuti. Watu wa pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi walipigana kwenye matope yale, na wanaosambaza ile picha ya kibao hawalitaji hilo kamwe.

Linalonisumbua mimi mwenyewe ni uteuzi. Serikali ya mitaa ambayo haitokani na kura ni kitu ninachokipinga popote pengine, na hapa nakitetea. Kuunganisha na jirani, kama walivyofanya Douaumont na Vaux, kungeondoa tatizo, lakini kule waliamua madiwani waliochaguliwa. Fleury wangeamua akina nani? Watatu walioteuliwa na prefekti? Kizazi cha mwisho kilichozaliwa pale kimekwisha, na hoja ya kuwatunzia wenyewe mahali pao inapungua nguvu kila mwaka. Hata hivyo naegemea kuiacha ilivyo. Mwaka 2013 mabaki ya askari 26 wa Kifaransa yalipatikana katika ardhi ya Fleury, na baadhi yao walitambuliwa kwa vibati vyao vya utambulisho. Ardhi ile bado inatoa watu. Wanapotoka, ni bora pawe na ofisi ya umma yenye jina la Fleury ya kuwapokea.