Je, wajua? Kura zikilingana, mshindi hupatikanaje?

Januari 4, 2018, mjini Richmond, Marekani, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya Virginia, James Alcorn, alitia mkono ndani ya bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho. Ndani yake mlikuwa na vikopo viwili vya filamu za kamera, vile vya enzi za kupeleka picha studio kusafishwa. Kila kikopo kilikuwa na karatasi yenye jina moja. Akatoa kimoja, akakifungua, akasoma: David Yancey. Kiti cha bunge la jimbo kikawa kimepata mwenyewe.

Ilifikaje huko? Novemba 2017, katika eneo la Newport News, Yancey wa Republican alimshinda Shelly Simonds wa Democratic kwa kura 10. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, Simonds akawa mbele kwa kura moja. Siku iliyofuata ikaletwa mbele ya majaji watatu karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando. Mpiga kura alikuwa amejaza viduara vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari kwenye kile cha Simonds. Ameharibu kura, au amejisahihisha? Majaji wakasema amejisahihisha. Matokeo: 11,608 kwa 11,608. Na si kiti tu kilichokuwa bakulini. Simonds angetoka yeye, vyama vingegawana bunge 50 kwa 50. Alipotoka Yancey, Republican wakabaki na 51 kwa 49.

Wengi walicheka: demokrasia gani hii ya bakuli? Sisi wa Kiswahili tusiwe wepesi wa kucheka, maana neno letu lenyewe limetokea humo. "Kura" ni la Kiarabu, qur'a, yaani kuchagua kwa bahati. Ndiyo kura iliyomwangukia Nabii Yona chomboni, wala hapakuwa na kituo cha kupigia kura baharini. Mpaka leo wanakikundi wa mchezo hupiga kura kujua nani ataanza kupokea, na hakuna anayefanya kampeni.

Uingereza sheria imelisema waziwazi: wagombea wakifungana, msimamizi wa uchaguzi aamue kwa kura ya bahati, na itakayemwangukia ahesabiwe kana kwamba ameongezewa kura moja. Mei 2017, South Blyth, wagombea wawili wa udiwani walipata 356 kila mmoja, hata baada ya kurudia kuhesabu. Wakavuta vijiti. Lesley Rickerby wa Liberal Democrats akatoka na kirefu, akashinda, na Conservative wakakosa wingi wa baraza la Northumberland kwa kiti kimoja hichohicho. India nayo inafuata utaratibu huo wa kuongeza kura moja.

Zamani Uingereza ilimwachia msimamizi mwenyewe kura ya uamuzi. Mwaka 1886 huko Ashton-under-Lyne wagombea walifungana 3,049 kwa 3,049, na msimamizi akampa ubunge John Addison wa Conservative. Hapo ndipo ninapoona ubora wa kijiti: hakina chama, wala huwezi kukitembelea usiku na bahasha.

Mbona wasirudie uchaguzi? Wengine hurudia. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka hivyo kwa urais: asipopatikana mshindi, uchaguzi mpya ufanyike ndani ya siku 30, na waliolingana kileleni ndio pekee wanaorudi ulingoni. Kwa rais gharama hiyo inabebeka. Kwa kiti kimoja cha udiwani ni kufungua vituo upya, kuchapa karatasi upya, kuwalipa wasimamizi upya, na watakaojitokeza safari ya pili si walewale wa safari ya kwanza.

Simonds na Yancey walikutana tena mwaka 2019. Simonds akashinda kwa kura nyingi, na bakuli halikuazimwa.