Sifa za mhusika ni nini, na zinasaidia kuigiza?

Vibanda vingi vya gemu hapa Mtwara mjini ni vya mpira tu. Lakini wapo vijana wenye kompyuta nyumbani wanaocheza gemu za njozi, zile za mapanga na uchawi, na hao kabla hawajapiga hatua moja huulizwa na gemu: mhusika wako ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani?

Namba hizo ndizo sifa za mhusika. Zilianzia mezani, kwenye karatasi na penseli. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Mchezaji alirusha dadu tatu kwa kila sifa, na sifa zilikuwa sita: nguvu, akili, hekima, uimara wa mwili, wepesi na mvuto. Ya chini kabisa 3, ya juu 18. Dadu zikikunyima akili, basi unamcheza mtu mzito wa kuelewa, upende usipende.

Na huko ndiko kuigiza uhusika kulikolala: kuamua kama yeye angeamua, hata pale wewe unapojua zaidi.

Sisi wa huku tunalijua hilo kwa macho. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji huvaa kinyago kichwani na nguo mwili mzima. Kinyago kinambana. Hageuki wala hatembei atakavyo, na kwa kubanwa huko tunaacha kumwona jirani yetu, tunaliona lipiko, yaani yule mhusika wa kinyago. Sifa nzuri ya mhusika hufanya kazi hiyohiyo. Katika gemu ya Fallout ya 1997 (hiyo si ya njozi, ni ya dunia iliyoteketea kwa nyuklia, ila mfano wake sijaupata bora), ukimpa mhusika akili ndogo mno anashindwa hata kuongea vizuri. Watu wanamjibu kama asiyejiweza, na kazi nyingi hapewi. Namba imegeuka maisha.

Ubaya huanza namba ikiwa ya kuchuma tu. Gemu ya njozi ya Oblivion ya 2006 ina sifa nane, na kiasi cha sifa kupanda unapovuka leveli (daraja la mhusika) hutegemea ujuzi ulioutumia. Wachezaji wakawa wanarukaruka barabarani na kujiachia wapigwe, wakihesabu pembeni ili wapate nyongeza ya juu, yaani 5. Anayeruka hivyo hamwigizi mtu yeyote, anapiga hesabu.

Skyrim ya 2011, iliyoifuata Oblivion katika mfululizo huohuo, ikaziondoa zote nane. Zikabaki afya, nguvu za uchawi na stamina (pumzi ya mwili), na unakuwa hodari wa kile unachokifanya. Wengi walishangilia, nami naelewa kwa nini. Lakini nadhani kitu kilipotea: mpiga shoka asiyejua uchawi wa maana anaweza kuishia kuwa mkuu wa chuo cha wachawi, na hakuna anayemshangaa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sifa zinasaidia, simuulizi gemu yake ina sifa ngapi. Namuuliza: ukiweka mvuto chini kabisa, ukaenda kuongea na mlinzi wa lango, anakujibu tofauti?