Umetoa mate na choo kwa ajili ya utafiti wa vinasaba? Soma hapa kabla hujaja kudai majibu

Malalamiko kwetu sisi tunaosimamia tafiti yameongezeka sana siku hizi na karibu yote ni ya aina moja. Mtu alijiunga na utafiti wa vinasaba (DNA) na bakteria wa tumboni, akatoa damu au mate, akapewa kopo akaleta na choo, akasaini, akaondoka. Muda umepita, sasa anataka majibu yake, na akiambiwa utafiti huu hautoi majibu ya mtu mmoja mmoja anaona ameibiwa. Hilo tunalielewa. Ila kuna wengine wameenda mbali zaidi, wameacha kupima presha na sukari hospitali kwa sababu "DNA yangu yote mlishaipima, mngeona kitu si mngenipigia". Hii ya pili ndo imefanya tuandike, maana inaweza kumuua mtu.

Sampuli ya utafiti siyo kipimo cha hospitali. Haikuchukuliwa ili kukutafutia wewe ugonjwa, imechukuliwa iingie kwenye kundi la sampuli za watu wengi ili watafiti waone, mfano, wenye kisukari wanatofautiana wapi na wasio nacho, alafu jibu linalotoka ni la kundi. Kwahiyo sisi kukaa kimya hakumaanishi uko salama, wala hakumaanishi tumekuta kitu tunakuficha. Endelea na vipimo vyako vya kawaida kama vile hujawahi kutuona.

Swali linalofuata huwa ni "si mnayo kwenye kompyuta, shida ya kunipa iko wapi". Shida ni kwamba jenomu ya mtu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi kama bilioni 3, na mtu yeyote mzima wa afya ukimlinganisha na jenomu ya rejea, ile inayotumika kama kipimo cha kulinganishia, unakuta tofauti milioni 4 mpaka 5. Nyingi hazina madhara kabisa, nyingine hakuna mtaalamu duniani anayejua zinafanya nini. Ukimpa mtu orodha hiyo anaenda nayo wapi? Alafu mashine za maabara ya utafiti na taratibu zake hazikuthibitishwa kwa ajili ya kutoa majibu ya matibabu, kwahiyo hata pale tunapokuta kitu kinachoeleweka lazima kirudiwe kwa sampuli mpya kwenye maabara yenye kibali cha hospitali ndo mtu aambiwe. Zipo tafiti zinazotoa majibu na zipo zisizotoa. UK Biobank, utafiti mkubwa wa Uingereza wenye watu laki 5, tangu mwanzo iliwaambia washiriki wake wasitegemee majibu ya vinasaba ya mtu binafsi. All of Us, utafiti kama huo wa Marekani, ulianza kuwarudishia washiriki wanaotaka majibu ya hatari za magonjwa ya kurithi mwishoni mwa 2022, tena kwa jeni 59 tu kati ya jeni 20,000 hivi tulizonazo, zile ambazo ukijua unaweza kuchukua hatua. Utafiti wako uko upande gani? Imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Ile uliyosaini. Tunaomba watu wasome ile fomu jamani, tunakaa muda mrefu na kamati ya maadili kupanga kila sentensi ya pale.

Tuje kwenye hili neno hatari, maana hapa ndo watu wanapotea zaidi. Mtu anaambiwa ana hatari mara mbili ya ugonjwa fulani, halali usiku. Mara mbili ya nini? Kama kwa kawaida anaugua mtu 1 kati ya 1,000, mara mbili ni watu 2 kati ya 1,000, wale 998 hawaugui. Lakini kama kwa kawaida wanaugua 20 kati ya 100, mara mbili ni 40, na hilo ni jambo lingine kabisa. Ukipewa jibu la hatari bila kuambiwa namba ya kuanzia, uliza hapo hapo usiondoke.

Na vinasaba havina uzito sawa. Jeni ya BRCA1, ambayo mtafiti Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba iko kwenye kromosomu ya 17, ikiwa na hitilafu kwa mwanamke inamfikisha kwenye hatari ya saratani ya titi ya karibu 70 kwa 100 akifika miaka 80. Hiyo ni kubwa, mtu anahitaji daktari na mshauri wa vinasaba, na ndugu zake wa damu wanahitaji kujua. Ila hata hapo siyo 100. Sasa kisukari cha ukubwani, presha, moyo, hayo hayana jeni moja, kuna mamia ya sehemu kwenye jenomu kila moja inasukuma kidogo sana, alafu unaweka chakula, usingizi, uzito, sigara, umri. Anayekuambia amekuta "jeni ya kisukari" kwako na mwili wako hauna jinsi, amekudanganya.

Kuna alama za hatari zinazojumlisha hizo sehemu nyingi za jenomu kuwa namba moja, nazo zina tatizo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Hesabu ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba washiriki wa tafiti za aina hiyo duniani asilimia 81 hivi walikuwa na asili ya Ulaya, wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 3. Alama iliyotengenezwa kwa watu wa Ulaya ukimpimia mtu mwenye asili ya Afrika inakosea sana, na wakati mwingine inampa utulivu ambao siyo wa kweli. Wakati huo huo Afrika ndo yenye utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba. Utafiti wa H3Africa, mradi wa kusoma vinasaba vya Waafrika, uliotoka 2020 ulisoma jenomu za watu 426 tu kutoka makundi 50 ya lugha na makabila, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kurekodiwa popote. Watu 426!

Na faida ya kusoma watu wenye asili ya Afrika inaonekana. Wamarekani weusi walioshiriki tafiti huko Marekani walikutwa, karibu 2 au 3 kati ya 100, na hitilafu inayozima jeni ya PCSK9, jeni inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88 ukilinganisha na wenzao. Hiyo ilichapishwa 2006, na kufikia 2015 dawa za kuzuia PCSK9 zilishaidhinishwa, sasa zinatumiwa na watu wa kila asili. Wale washiriki hakuna aliyetoa damu akijua itaishia huko. Ndo maana tunaumia mtu anaposema tunachukua sampuli "kwa faida yenu wenyewe".

Sasa bakteria. Watu bado wanatuambia wana bakteria mara kumi ya seli zao, hiyo hesabu ilishasahihishwa 2016, mwanaume wa kilo 70 ana bakteria kama trilioni 38 na seli zake mwenyewe trilioni 30, karibu sawa. Wengine wao bakteria yeyote ni uchafu wa kuondolewa, wananunua madawa ya kusafisha tumbo. Tumbo halihitaji kusafishwa namna hiyo, na wengi wa hao viumbe wanakusaidia, wanachachusha nyuzinyuzi ambazo wewe huwezi kuzimeng'enya na kulisha ukuta wa utumbo wako.

Kisa kinachofundisha vizuri ni cha vidonda vya tumbo. Miaka mingi madaktari waliamini chanzo ni mawazo na asidi basi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha miaka ya 1980 kuna bakteria anaitwa Helicobacter pylori, Marshall hadi akamnywa mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, wakapewa Nobel 2005. Ila angalia upande wa pili, kwa miaka mingi karibu nusu ya watu duniani wamekuwa na huyo bakteria na wengi wao hawapati vidonda. Kuwa naye ni hatari, siyo ugonjwa, na aina ya bakteria mwenyewe, vinasaba vya mtu na mazingira yake vinaamua nani ataugua. Hapo unaona kwanini tunataka damu na choo cha mtu yule yule, siyo kimoja tu.

Kwa magonjwa mengi mengine bado hatujafika hapo. Tunaona watu wenye ugonjwa fulani wana bakteria tofauti, lakini je, bakteria walileta ugonjwa, au ugonjwa na dawa zake vilibadilisha bakteria? Mara nyingi ni hiyo ya pili pia. Metformin peke yake, dawa ya kisukari, inabadilisha bakteria wa tumboni, na kuna matokeo ya mwanzo yaliyosemwa ni ya kisukari kumbe kwa sehemu kubwa yalikuwa ya dawa. Kwahiyo ukiulizwa kwenye dodoso unatumia dawa gani na kama umemeza antibayotiki karibuni, sema ukweli, hatukuulizi ili tukuseme. Na kopo uliloambiwa uweke kwenye barafu liweke kwenye barafu kweli, kama lina kimiminika cha kutunzia usikimwage, maana choo kikikaa kwenye joto bakteria wengine wanaendelea kuzaana na wengine wanakufa na tunachosoma siyo tena kilichotoka tumboni kwako. Kopo lililochelewa tunalikataa, tunaandika kwenye daftari la kukataa sampuli na sababu, na unaombwa lingine. Usikasirike.

Kuna tiba moja ya bakteria ambayo imethibitika vizuri, kupandikiza kinyesi cha mtu mzima wa afya kwa mgonjwa wa Clostridioides difficile inayojirudia, bakteria anayeleta kuharisha kukali. Utafiti wa Uholanzi wa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi ya kwanza. Watu wakasoma hiyo wakaanza kufanya wenyewe nyumbani. TAFADHALI USIFANYE. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kuambukizwa bakteria E. coli sugu kwa dawa kutoka kwa mchangiaji mmoja, na mmoja wao alifariki, na hiyo ilikuwa kwenye utafiti wenye madaktari siyo chumbani kwa mtu.

Nirudi kwenye fomu na sheria maana ndo kazi yetu ya kila siku. Ukisaini, jina lako linatolewa linawekwa namba, orodha inayounganisha jina na namba inafungiwa sehemu tofauti na wanaoruhusiwa kuifungua wanaandikwa, kila anapofungua inarekodiwa. Mtafiti wa nje akitaka data anaomba kwa kamati, anasaini mkataba, sampuli ikisafiri inasafiri na mkataba wake pia. Lakini hatutakudanganya kwamba namba inakuficha asilimia mia. Mwaka 2018 polisi wa California walimpata muuaji aliyetafutwa miongo kadhaa kupitia vinasaba vya ndugu wa mbali waliokuwa kwenye tovuti ya kutafuta ukoo, yeye mwenyewe hakuwahi kujiweka pale. Vinasaba vyako ni vya ukoo wako pia, fikiria hilo kabla ya kuvipandisha popote.

Anayevunja masharti ana adhabu. Umoja wa Ulaya sheria yake ya data inaweka data za vinasaba kwenye kundi la ulinzi maalum, faini inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote, inachukuliwa iliyo kubwa. Marekani ina sheria ya 2008 inayokataza mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa vinasaba, ila bima ya maisha haimo humo, watu wengi hawajui. Na kutumia sampuli nje ya ridhaa ni kosa kubwa mno: watu wa Havasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, walitoa damu miaka ya 1990 wakijua ni ya kisukari, ikatumika kwenye tafiti za magonjwa ya akili na historia ya uhamaji wao, wakashtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo la Arizona kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Kujitoa ni haki yako, hutakiwi kutoa sababu na matibabu yako hayaguswi. Unapiga simu au kuandika, tunahakikisha ni wewe, sampuli iliyobaki inaharibiwa, data ambayo haijatumika inafutwa, unapewa barua kuthibitisha. Data iliyokwishaingia kwenye matokeo yaliyochapishwa haiwezi kuchomolewa, usije kugomba kwa hilo, imeandikwa kwenye fomu.

Wale mlionunua vipimo vya vinasaba vya mtandaoni na kutuletea mafaili ghafi ya DNA, maabara moja ya Marekani iliripoti 2018 kwamba iliporudia tofauti za jeni zilizotoka kwenye mafaili hayo, asilimia 40 hazikuwepo kabisa kwa mtu. Kwahiyo usikate titi wala usiache dawa kwa faili hilo, mpelekee daktari, lirudiwe kwanza.

Na wazazi mlioandikisha watoto: mtoto akifikisha umri wa utu uzima tunamtafuta yeye mwenyewe na kumuuliza upya. Akikataa, sampuli yake inaondolewa hata kama mzazi anataka ibaki, na mzazi hataambiwa majibu yake bila yeye kukubali. Tusibishane mapokezi kwa hilo.