Mwanza hakuna kupwa na kujaa

Mtu wa Tanga akikuta maji yameshuka kwenye mwalo wa Kirumba, husema yamekupwa. Sivyo. Mwezi huvuta maji ya Ziwa Victoria pia, ila kwa sentimita chache tu. Kwa macho huoni kitu.

Kinachoyasogeza ndani ya Ghuba ya Mwanza siku hadi siku ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, basi upepo huvuma kutoka ziwani na kusukuma maji, na magugu maji juu yake, kuelekea ufukweni. Usiku hugeuka. Ukifunga mtumbwi jioni kwa kamba fupi iliyokaza, usishangae asubuhi kuukuta umekwaruzwa na mawe.

Mabadiliko makubwa huja kwa misimu na miaka. Ziwa hulishwa zaidi na mvua inayolinyeshea lenyewe, na hutolewa na mto mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2; mwaka 2020 likafurika tena. Kwa hiyo anayejenga gati la mbao asihangaike na kalenda ya mwezi. Atafute alama ya juu kabisa ya maji kwenye mawe, aanzie juu ya hapo.