Je, Wajua Kwa Nini Ndege Huanza Kushuka Ikiwa Bado Kilomita 200 Kutoka Uwanjani?

Kama nusu saa hivi kabla ya kutua, ukiwa ndani ya ndege kubwa ya abiria utasikia mngurumo wa injini ukififia. Wapo wanaoshtuka wakidhani kuna hitilafu. Hakuna. Injini zimepunguzwa nguvu karibu kabisa, na ndege sasa inateremka kwa uzito wake yenyewe, kama baiskeli kwenye mteremko.

Mbona mapema hivyo? Ndege iliyo futi 36,000 juu ina nishati nyingi, ya kimo na ya mwendo, na yote lazima iishe kabla haijasimama ardhini. Tatizo ni kwamba imeundwa ipenye hewa kwa urahisi. Ukiinamisha pua ili ushuke upesi, mwendo unapanda. Ukiinua pua ili upunguze mwendo, hushuki vya kutosha. Kupata yote mawili kwa pamoja ni vigumu, na hapo ndipo ulipo ufundi wa rubani.

Hesabu ya marubani ni nyepesi: kila futi 1,000 za kimo zinahitaji maili 3 za baharini. Futi 36,000 ni maili 108, yaani kilomita 200. Huongezwa maili kadhaa za kupunguza mwendo, na nyingine kama upepo unasukuma kutoka nyuma. Kompyuta huyafanya hayo yote, lakini rubani makini huirudia hesabu kichwani mara kwa mara, kwani waongozaji wa ndege walio ardhini wanaweza kumfupishia njia ghafla. Maili 40 zilizobaki zinageuka 25, na kimo ni kile kile! Hapo ndipo aliyekaa dirishani huona vibao vikiinuka juu ya bawa na kuhisi ndege ikitetema. Vibao hivyo huvuruga hewa na kupunguza uwezo wa bawa kuibeba ndege. Visipotosha, magurudumu huteremshwa mapema, maana nayo hukinzana sana na hewa.

Mwishoni ndege hufuata mteremko wa digrii 3, ambao ni mita 52 kwa kila kilomita. Kwa mwendo wa noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, hiyo ni kama futi 700 kwa dakika. Utasikia injini zikinguruma tena, kwa sababu magurudumu na mabapa ya mabawa yaliyofunguliwa huizuia ndege mno, hivyo inahitaji nguvu ili isizame chini ya mteremko. Kando ya njia ya kutua kuna taa 4. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa. Zote nyeupe, uko juu mno. Zote nyekundu, uko chini mno. Uwanja wa London City, uliozungukwa na majengo, una mteremko wa digrii 5.5, na ndege huhitaji idhini maalumu kutua pale.

Mashirika mengi hutaka mwendo na mteremko viwe vimetulia ndege ifikapo futi 1,000 juu ya uwanja. Visipotulia, marubani hupaa tena na kuanza upya, na yeyote kati ya marubani wawili anaweza kutaka ifanyike hivyo.