Furaha ya Sherehe za Ufilipino: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Wafilipino wameumbwa na furaha, na sherehe zao ni ushahidi tu wa tabia hiyo.

Anayetazama picha za MassKara, tamasha la kila Oktoba mjini Bacolod, ataamini hivyo kwa urahisi, kwa kuwa kila barakoa inatabasamu. Chimbuko lake, hata hivyo, ni majonzi. Tamasha lilianza mwaka 1980, bei ya sukari ilipokuwa imeporomoka na kukikaba kisiwa cha Negros, ambacho wakazi wake wengi waliishi kwa kutegemea mashamba ya miwa. Tarehe 22 Aprili ya mwaka huohuo meli ya abiria Don Juan, iliyokuwa ikitoka Manila kwenda Bacolod, iligongana na meli ya mafuta ikazama, na familia nyingi za mji zikabaki na msiba. Ndipo wasanii na viongozi wa mji walipobuni tamasha la nyuso zinazocheka. Tabasamu lile, basi, lilichongwa na watu waliokuwa bado matangani, nalo lilikuwa uamuzi zaidi kuliko hulka.

Dhana: Raha yote iko katika siku ya maandamano.

Mtalii hufika siku hiyo akaondoka jioni. Mwenyeji huwa ameanza wiki kadhaa kabla. Huko Lucban, katika mkoa wa Quezon, tarehe 15 Mei huadhimishwa sherehe ya Pahiyas kwa heshima ya San Isidro, msimamizi wa wakulima, na nyumba hupambwa kwa kiping. Uji mzito wa unga wa mchele uliotiwa rangi hupakwa juu ya jani, ukapikwa kwa mvuke, kisha ukishapoa hubanduliwa taratibu, nao hutoka ukiwa na alama za mishipa yote ya jani. Vipande hivyo hukandamizwa kwa kitu kizito visijikunje, halafu hutundikwa madirishani pamoja na mboga na matunda ya msimu. Kazi hiyo haimfai mtu mmoja. Njia ya maandamano hubadilishwa kila mwaka ili mitaa ipokezane, kwa hiyo zamu ya mtaa ikifika, kaya hujikuta zikihitajiana. Wafilipino huuita moyo huo wa kusaidiana kazi bayanihan. Anayeujua msaragambo hahitaji kufafanuliwa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya furaha ya mshiriki wa kila mwaka imo humo, katika kujua kwamba mikono yake inangojewa.

Dhana: Dini ni kisingizio cha kucheza ngoma.

Ni kweli kwamba gwaride kubwa la Sinulog, tamasha la ngoma na ibada mjini Cebu, lilianza mwaka 1980 tu. Ibada yenyewe, lakini, inahusu sanamu ya Mtoto Yesu iliyofikishwa huko na baharia Magellan mwaka 1521, na nje ya basilika wanawake wauza mishumaa huicheza ngoma ya Sinulog bila jukwaa wala shindano. Mnunuzi hutaja haja yake, naye muuzaji, mishumaa ikiwa mkononi, humwombea huku akipiga hatua mbili mbele na moja nyuma.

Dhana: Ukishiriki, utafurahi.

Hata ikionekana kwamba washiriki wa kudumu wana furaha kuliko majirani zao, hilo halithibitishi kwamba sherehe ndiyo iliyowafurahisha, kwani mwenye afya, nafasi na ndugu wengi ndiye anayeweza kushiriki kila mwaka. Isitoshe, kulisha wageni siku nzima kuna gharama, na wapo wanaokopa ili mlango wao usionekane umefungwa. Na huko Kalibo, kila Januari, washiriki wa tamasha la Ati-Atihan hujipaka masizi wafanane na Waati, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Panay, ilhali Waati wenyewe wangali miongoni mwa jamii maskini za kisiwa hicho.